Anayechelewa Kwenye Kinanda

Kilianza kitu kidogo tu. Bashari akibonyeza kinanda, sauti inafika kwenye hedifoni imechelewa kidogo. Hakushtuka. Sauti ikizunguka ndani ya kompyuta huchelewa, kila mwenye studio ya nyumbani pale Kano analijua hilo. Akachomoa waya wa kompyuta, akajisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye spika za kinanda.

Sauti yake ikatoka papo hapo, lakini ile inayochelewa ikabaki nyuma yake, sauti ya pili, tena, balaa gani hili, ilikuwa tamu kuliko yake.

Mkewe Zuwaira ndiye aliyemwimbia nyimbo za filamu. Alasiri ile, Zuwaira amekaa mkekani anaimba, Bashari akagundua kwamba mkewe haimbi naye. Anaifuata ile inayochelewa.

"Unaimba na nani?"

"Na wewe. Kuna mwingine humu?"

"Mimi mkono nimeshauondoa, Zuwaira."

"Ndiyo maana leo umepiga vizuri," akamcheka.

Wivu ukamkaba. Tangu hapo chumba kikanukia udi ambao hakuna aliyeuchoma, na Zuwaira akawa hawezi kuingia studio bila kujipaka wanja, anaacha ugali wa tuwo uungue jikoni, anatabasamu upande wa kushoto wa benchi ambako hapana mtu, na Bashari anapiga kwa hasira, anapiga mpaka vidole vinauma, na yule mwingine anamfuata taratibu, bila haraka, kama mgeni anayejua sahani yake imewekwa.

Akamwita Malam Tukur, mwalimu wa Kurani wa mtaani.

"Ni jini mahaba," mzee alinong'ona. "Kampenda mkeo. Nitamsomea atoke. Lakini wewe usikiguse kinanda mpaka nirudi. Ukishindana naye, umemkaribisha mwenyewe."

Akasoma, akanyunyiza maji. Harufu ya udi ikakatika.

Malam hajafika hata getini, Bashari ameshakaa kwenye benchi. Roho ilikuwa inamuwaka. Alitaka mkewe asikie nani fundi wa nyumba hii. Akabonyeza. Sauti ikatoka papo hapo, moja tu. Machozi yakamlenga kwa furaha.

"Zuwaira, njoo usikie!"

Zuwaira akaja, wanja machoni, akasimama mlangoni. Bashari akapiga wimbo wao. Mkewe akatazama upande wa kushoto wa benchi, akainamisha uso kwa haya kama bibi harusi.

"Mume wangu," akauambia upande ule kwa sauti ya chini, "nani huyo anayekufuata nyuma?"