Mtetezi wa Mume wa Kitabuni

Tik.

Ilikuwa alfajiri, giza bado zito. Mama Kidoti alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani, tochi ya simu mkononi, riwaya ya *Chumba Kisicho na Swichi* ikiwa wazi mbele ya pua yake. Humo kitabuni, mke alikuwa amesimama gizani akiisikiliza nyumba yake mwenyewe. Kila siku kitu chake kilihama mahali: leo miwani, kesho pete. Na kila siku mumewe alimletea chai, akamwambia kwa sauti ya asali, "Labda umesahau ulipokiweka, mpenzi."

Tik, tena. Kama kifuniko cha kopo kinachofungwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Nani?"

Alimulika kitanda kidogo. Kidoti, bintiye wa miaka minne, alikuwa amelala, macho yamefumbwa kwa nguvu.

"Panya," alijiambia, akaucheka uoga wake.

Kulipokucha, futi yake ya kupimia haikuonekana. Fundi wa mapazia bila futi ni sawa na mpishi bila kijiko. Aliitafuta hadi akachelewa, akaja kuikuta ndani ya kopo la vifungo, juu ya meza ya cherehani. Hakukumbuka kuiweka humo. Akampeleka Kidoti kwa jirani huku mtoto amenuna, naye akatoka mbio.

Jengo la maduka lilikuwa limefurika watu. Alijipenyeza kwenye lifti na marobota yake ya mapazia, gauni lake la njano lenye mifuko mikubwa likibanwa huku na huku. Watu wakashuka mmoja mmoja, akabaki peke yake. Kabla ya kufika ghorofa ya saba, lifti ikatikisika, ikasimama, taa ikazima.

Alibonyeza kengele hadi kidole kikauma.

"Fundi wa lifti hapa," sauti ya mwanamume ilisema kutoka kwenye kipaza sauti kidogo ukutani. "Uko na nani humo?"

"Niko na mapazia."

"Mapazia yanaogopa?"

"Yanatetemeka kidogo."

"Yaambie nakuja. Usiguse mlango, dada yangu. Zungumza nami tu. Umeshika nini?"

"Kitabu. Kuna mume humu anamtia mkewe wazimu polepole, na chumba chake hakina swichi."

"Hicho? Nilikimaliza majuzi. Nililala taa inawaka, mtu mzima mimi."

"Usithubutu kuniambia mwisho. Sisi kurasa zetu za mwisho zimebanwa kwa pini."

Ikabidi aeleze. Katika darasa lake la jioni, mwalimu hakumpa mtu riwaya kabla ya kuibana sura ya mwisho kwa pini. Kila mwanafunzi alisoma hadi hapo, akasimama mbele ya wenzake kutoa maoni yake: nani mwongo, nani mkweli, na kwa nini. Ndipo pini zilipofunguliwa. Aliyechungulia alifuta ubao muhula mzima.

"Basi nitolee mimi maoni yako," fundi alisema. Vyuma viligongana mahali fulani juu.

"Mume ndiye. Mwanamume anayekuletea chai kila siku bila kuombwa ana lake jambo."

Bisibisi ikaanguka huko juu. "Mimi nasema mume hana kosa. Mpole tu, masikini."

"Wewe na yeye mmezaliwa tumbo moja?"

Kicheko kilijaza lifti. Mlango ulipofunguka, Mama Kidoti aliona kijana mrefu kama ngazi, ovaroli ya bluu, grisi shavuni na meno meupe. Akampa mkono atoke. Mkono ulikuwa wa moto, na wote wawili walichelewa kuuachia.

Wakapeana namba. Kwenye simu, Mama Kidoti alimwandika "Mtetezi". Simu ililia jioni ile ile.

"Malkia wa mapazia, mume amefanya nini tena?"

"Amemfichia mkewe viatu. Bado unamtetea?"

"Labda anataka asiende mbali."

"Wewe ndiye sitaki uende mbali," alitaka kusema, lakini alisema, "Huna akili ya kusoma, fundi." Akalala akitabasamu gizani.

Alikuwa anasoma polepole makusudi, kitabu kisiishe. Mtetezi akaanza kuja Jumapili. Alikuja na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata, na bila grisi hata kwenye kucha moja. Alibeba machungwa, akabishana kuhusu riwaya, akashindwa, akacheka. Kila alipoaga, Kidoti alidai kupandishwa mabegani, akazungushwa sebuleni hadi mlangoni akipiga kelele za furaha.

Ila Jumapili moja, alipotaka kuondoka, ufunguo wa mlango haukuwepo. Ulining'inia siku zote kwenye msumari juu kabisa ya mlango. Mlango ulijifunga wenyewe na hakuna aliyetoka bila ufunguo. Walitafuta, wakacheka, wakanywa chai nyingine, mpaka ukaonekana chini ya mto wa kochi.

Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Mara hii uliibuka kwenye kiatu cha Mtetezi mwenyewe, na Mama Kidoti hakucheka sana.

Jumapili ya tatu, Mtetezi ndiye aliyeuona, ndani ya kopo la vifungo. "Huu hapa," alisema upesi. Akamtazama Mama Kidoti kwa upole. "Labda umesahau ulipouweka, mpenzi."

Mama Kidoti akampokonya ufunguo.

"Umesema nini?"

"Nimesema labda…"

"Hata maneno ni yale yale. Msumari ule hakuna anayeufikia ila mimi na wewe. Mimi sikuugusa."

"Ni kweli nimelisema neno la yule bwana," Mtetezi alisema, uso umemshuka. "Lakini ufunguo sikuugusa. Niufiche ufunguo wako kwa faida gani?"

"Ya kunifanya nisijiamini. Nimeshaishi na mtu wa hivyo, fundi. Sirudi huko."

Ilikuwa kweli. Baba yake Kidoti alikuwa mtamu wa maneno hadi siku aliyohamia kwa mwingine, na bado alimshawishi kwamba yeye mkewe ndiye aliyebadilika. Ilimchukua muda mrefu kuanza tena kuyaamini macho yake mwenyewe. Hakuwa tayari kuyapoteza mara ya pili, hata kwa mwanamume anayeshuka kutoka juu kumtoa gizani.

Mtetezi aliondoka. Simu ililia siku nyingi, "Mtetezi, Mtetezi," naye akaigeuza kifudifudi. Mwishowe ikanyamaza, na kimya chake kikawa kibaya kuliko mlio. Kidoti aliuliza Jumapili iko wapi.

Jioni ya maoni ikafika. Mama Kidoti alisimama mbele ya darasa, kitabu mkononi.

"Mume ndiye mkosaji," alisema. "Mwandishi ametuwekea chai ili tusiangalie mikono. Upole wake unakuja baada ya kila kitu kupotea, hauji kabla. Mtu mpole kweli haoni raha ukiwa na hofu."

Mwalimu alichomoa pini, akasoma sura ya mwisho kwa sauti. Mume ndiye. Darasa likapiga makofi, mwenzake wa dawati la nyuma akamwita hakimu. Lakini hakimu alikuwa ameganda.

Mtetezi alikimaliza kitabu hiki kabla ya siku ile ya lifti. Alijua. Wiki zote zile alimtetea mume akijua fika ni mwongo, akakubali kuitwa hana akili ya kusoma, ili yeye Mama Kidoti asipoteze utamu wa mwisho. *Mtu mpole kweli haoni raha ukiwa na hofu.* Maneno yalikuwa yake mwenyewe, ametoka kuyasema sasa hivi mbele ya ubao.

Ufunguo bado hakuuelewa. Akaamua kumwamini bila kuuelewa.

Alimchukua Kidoti kwa jirani, akamshika mkono, wakaenda nusu kukimbia hadi jengo la maduka. Lifti ilikuwa nzima kabisa. Mama Kidoti akaingia, akabonyeza kengele.

"Fundi wa lifti hapa. Umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini. Mlango uko wazi."

Sauti ikashuka, taratibu: "Sasa umekwama wapi, malkia?"

"Kwenye maneno yangu. Kitabu nilikisoma sawa. Wewe nilikusoma kwa kitabu cha mwanamume mwingine. Nisamehe."

"Mume alikuwa mkosaji?"

"Mjinga wewe, ulijua."

"Nilijua. Nilifurahia tu unavyonigombeza." Vyuma vikalia huko juu. "Subiri hapo hapo. Mara hii nashuka kwa ngazi, lifti itanichelewesha."

Walirudi nyumbani watatu, wakizungumza kwa pamoja. Mama Kidoti akafungua, mlango ukajifunga nyuma yao, ufunguo akautundika msumarini. Mtetezi alisimama katikati ya sebule na grisi yake ya kazini, asijue pa kuweka mikono.

"Nikikuomba niwe nakuja siku zote," alisema, "si Jumapili tu, utanihukumu?"

"Siku zote mpaka lini?"

"Mpaka tuchoke kubishana."

"Basi hutaondoka," Mama Kidoti alisema, na macho yake yakajaa machozi.

Kidoti akanyoosha mikono. Mtetezi akampandisha mabegani, akamzungusha hadi mlangoni. Kule juu, mkono mdogo ukaufikia msumari bila taabu, ukaugusa ufunguo, ukauacha.

"Leo sifichi ufunguo," alisema Kidoti.