Mchicha Umeshaonjwa

Kipimausafi kilishuka kutoka darini kwa mkono wake mwembamba, kikaligusa fungu la mchicha alilolishika Eliapenda, na taa ya kijani ikawaka. Ndivyo duka la vyakula asilia lilivyouza katika Arusha ya zama zile: ukiona kijani, chakula hakina sumu. Bei haikushikika. Lakini sumu mpya za mashambani zilikuwa zimeingia hadi visimani, na binti yake Nakiete alikuwa hoi, akitapika kila jioni arudipo kutoka kazini. Daktari alisema asipopata mboga safi, wasimlaumu mtu.

Hata hivyo, Eliapenda alikuwa mtu wa sokoni. Hanunui asichoonja. Akachuma jani, akalipeleka mdomoni, na ule mkono ukamzuia taratibu.

"Usihangaike, mama. Mchicha umeshaonjwa."

"Na nani? Wewe una ulimi?"

Mwanamke mmoja aliyesimama kando yake akacheka.

"Mimi sina," kipimausafi kikajibu kwa upole. "Sumu hizi hazinaswi na mashine, hutambuliwa na damu ya mtu tu. Waonjaji wetu hula kila shehena kutwa nzima, nami nasoma damu yao kupitia bangili walizovaa. Ungependa kuwaona? Ni haki ya mteja."

Ukuta ukang'aa kama kioo, chumba cha nyuma yake kikaonekana. Watu walikuwa wameketi mezani, kila mmoja na sahani yake. Aliyekaa karibu na mlango, kitambaa cha manjano kichwani, alikuwa Nakiete, ambaye siku zote aliaga kwamba anakwenda kupanga bidhaa stoo. Eliapenda akausogelea ukuta.

"Mtoeni huyo. Huyo ni mwanangu."

"Huyo ndiye hodari wetu, mama. Damu yake huitikia upesi kuliko ya wote. Anamalizia shehena hii hii ya mchicha."

Nakiete aliinua kijiko. Eliapenda akaupiga ukuta kwa ngumi, akimwita, akimsihi asile, lakini ukuta haukupitisha sauti. Binti akameza, akajifuta mdomo, akainama juu ya meza. Hakuinuka.

Taa ya mchicha ikawa nyekundu. Wateja wakarudisha mafungu yao rafuni.

"Afadhali tumejua mapema," yule mwanamke akamwambia Eliapenda, akanyoosha mkono kuchukua fungu la figiri.