Chupa ya Marehemu Sadoki

Jumamosi mchana niliingia kwa dada yangu Nosim, mtaa wa Lemara, nikamkuta mumewe Lesian kifua wazi mbele ya kioo cha kabati, amejipaka mafuta ya kupikia, anang'aa kama andazi. Mtu mzima, ana mke, anabusu mkono wake mwenyewe! Nilisonya.

Shemeji alizaliwa mwembamba, na wembamba haujamuua mtu. Lakini gym moja ya Levolosi ilimharibu akili. Wapumbavu wale walikuwa wanachomana sindano za testosteroni, homoni ya kiume, ili watanuke upesi. Daktari alimwonya kwamba zitamzima mbegu, na Nosim alikuwa analilia mtoto. Jamaa akachagua mabega.

Kisha mwenzake wa gym, Sadoki, moyo ukamsimama akinyanyua vyuma. Tukamzika Kisongo. Kwetu, kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka wazee wa ukoo wakae, wakibariki, wakigawe. Lesian hakungoja. Watu wakiwa kaburini, yeye aliingia chumbani kwa Sadoki akaiba kichupa cha dawa kilichobaki nusu. Alinisimulia mwenyewe huku anacheka.

"Dawa haina ukoo, shem."

Akajichoma. Mwili ukaumuka. Shingo ikanenepa. Halafu akaanza kula kwa mkono wa kushoto, kama Sadoki.

Jumamosi hiyo Nosim alinivuta jikoni. "Kaka," alinong'ona, "huyu anayelala kwangu simjui. Nikimwita Lesian hageuki."

Nilimleta mama yake Sadoki, mchana kweupe. Lesian akamwinamishia kichwa, kama mtoto kwa mzazi.

"Shikamoo, mama."

Sauti haikuwa yake. Mama akamgusa kichwani. Vidole vikasimama nyuma ya sikio, penye kovu ambalo shemeji hakuwahi kuwa nalo.

"Hapa alipigwa teke na punda," alisema taratibu. "Kidonda nilikiosha mimi. Huyu ni mwanangu."

Hakufurahi. Alirudi kinyumenyume hadi nje.

"Mimi namtaka mume wangu," Nosim alisema. Alichukua kile kichupa, kitupu sasa, tukaenda Kisongo. Akakiweka juu ya kaburi.

"Sadoki, chako hiki hapa. Nirudishie Lesian."

Akapiga magoti, akaita kwa uchungu: "Lesian!"

"Naam."

Ilitoka chini. Sauti nyembamba ya shemeji, ile ya zamani.

"Nosim. Nitoeni."

Mimi niliyemcheka miezi yote ile, nilifukua kwa kucha huku nalia kwa hasira. Mjinga! Kaiba hadi kwa maiti! Nosim alikimbia kuwaita wazee, wakaja na majembe. Sauti ilikuwa inaita bado. Ikapungua. Jembe lilipogonga mbao, ikanyamaza.

Jeneza lilikuwa tupu: hamna maiti ya Sadoki, hamna shemeji. Mfuniko ulikuwa umekwaruzwa kwa ndani. Nosim aliingiza mkono akapapasa kitambaa cha chini, kisha akanishika mkono, akauweka pale.

Kilikuwa bado na joto la mwili.