Mpenzi Asiye na Pumzi

Niwategee, wajukuu zangu: hana mdomo lakini anabembeleza, hana moyo lakini anaapa. Mkishindwa, msinipe mji bado. Fundi wa mapazia naye alishindwa.

Fundi alikuwa akishuka ngazi za soko la vitambaa, gauni la njano limemkaa sawasawa, lesi nyeupe mikononi imempanda hadi kidevuni. Kijana wa shati la samawati akapita mbio. Kifungo chake kikanasa kwenye lesi.

"Kaka, unaondoka na pazia langu!"

"Mimi ndiye niliyetekwa, dada."

"Mtaoana baadaye, tupisheni!" wakafoka waliokuwa nyuma.

Basi simu za kijana zikaanza. Asubuhi, "Umeamkaje, roho yangu?" Jioni, "Umekula, mpenzi?" Kazi yake alisema ni mkaguzi, akaishia hapo, maana ofisini waliapishwa wasitoe siri.

Jumapili moja alikuja kumtembelea Fundi. Alipotoka kwenda kunawa mikono, simu yake ya pili ikalia mezani. Fundi akachungulia. "Usiniache, laazizi." Na juu yake maneno ya Mkaguzi mwenyewe: "Nakupenda. Niambie kweli, wewe ni mtu?"

Fundi akaandika: "Mimi ni msichana wake. Wewe ni nani?"

"Msichana kama wewe. Huyu mwanamume ni wangu."

"Wako? Njoo umchukue!"

"Naja. Nimevaa gauni jekundu."

Mkaguzi akarudi, akamkuta Fundi amesimama mlangoni, amevua hereni tayari kupigana, mikono kiunoni.

"Kulikoni, mpenzi?"

"Namsubiri mke mwenzangu."

Kijana akaitazama simu. "Siwezi kukuambia huyo ni nani."

"Basi usiniambie lolote tena. Toka!"

Tangu hapo akipiga simu, haipokelewi. Kijana akakonda hadi mkuu wake wa kazi, mama mmoja wa miwani mikubwa, akamwuliza. Alipoelezwa, mama akaruka kitini.

"Alivua hereni? Niletee huyo binti!"

Fundi akaitwa, akaja amenuna, hamtazami kijana.

"Mwanangu," mama akasema, "yule ni roboti. Kijana wako kazi yake ni kuzibembeleza roboti, aone kama zitakiri. Sheria ya usalama mtandaoni inataka roboti ikiulizwa iseme kwamba ni mashine. Wenye roboti hii wanajitetea kwamba sheria ni ya mitandao ya watu wanaoongea na watu, na kwamba hakuna mwenye akili atakayeiamini."

"Mimi niliiamini! Na akili ninazo!"

"Ndiyo maana nakutaka ukatoe ushahidi. Wasipozuiwa, kesho itadanganya mtoto."

Fundi akajiinamia. "Mbele za watu? Niseme niligombea mwanamume na mashine? Watanicheka mpaka basi."

"Watatucheka wote wawili," Mkaguzi akasema. "Nitakaa ubavuni pako."

Hapo ndipo Fundi alipomtazama.

"Ila lazima tutaje uhusiano wenu," mama akasema, kalamu mkononi. "Huyu ni nani wako?"

Mkaguzi akakohoa. "Mchumba... kama atakubali."

"Hata hujaniposa!"

"Nakuposa sasa hivi."

"Na wewe ni mtu kweli?"

"Mtu, mpenzi."

"Hata yule alisema hivyo." Fundi akaushika mkono wake, akaufinya kwa kucha mpaka mwanamume mzima akapiga yowe ofisini.

"Ni mtu," Fundi akamwambia mama. "Andika mchumba."