Nani Anaumwa Humu Ndani?

Fundi Kufuli alikuwa mtu wa kushuku. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kufuli, na mtu anayeshinda na kufuli huona wezi hata usingizini. Akisalimiwa kwa uchangamfu, hujiuliza ataombwa nini. Akikuta chai imekolea sukari, huuliza kuna nini leo.

Jioni moja, katika msimu wa maboga, alirudi nyumbani akakuta mlango wa jiko umefungwa. Si kawaida. Ndani, mkewe alikuwa akinong'ona na jirani yao, mpishi wa hospitali. Machale yakamcheza. Akasukuma mlango.

Mezani palikuwa na boga lililopasuliwa, spinachi mbichi, bakuli la maharage yaliyochemshwa, matufaha na machungwa. Alipoyaona machungwa, moyo ulimwenda mbio.

Katika nyumba ile matunda hayakuliwa hivi hivi. Yalinunuliwa kwa ajili ya mgonjwa tu. Mama yake alipougua, yaliletwa machungwa. Yeye alipovunjika mguu, yaliletwa mapapai. Mgonjwa akishapona, matunda hayaonekani tena.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Karibu, mume wangu. Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Nani anaumwa humu ndani? Ni mimi? Daktari kawaambia nini juu yangu?"

Jirani aliangua kicheko. Mkewe hakucheka. Hapo ndipo Fundi alipoogopa kwelikweli.

Alimtazama vizuri. Siku hizi mkewe akipanda ngazi alikuwa akipumzika katikati. Alipomuuliza, alisema viatu vinambana. Fundi alivikagua vile viatu kwa siri, akavikuta havibani hata kidogo.

"Ni wewe," akasema polepole.

Mkewe akavuta kiti, akakaa. "Nilikwenda kliniki. Damu yangu imepungua. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Mama alipougua hukula wala hukulala."

"Kwa hiyo ukaona unifiche? Mimi mumeo?"

"Nami nimekosa, shemeji," jirani akasema. "Nilikubali kunong'ona. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa sote tunajua. Tuseme wazi."

"Atapona?"

"Ameze vidonge vyake, arudi kupimwa, na ale vizuri. Chakula hakichukui nafasi ya dawa, lakini kinasaidia sana. Na si yeye peke yake, ni nyinyi wawili. Mnangoja mtu aanguke ndipo mnunue tunda! Mboga mnaichemsha mpaka inalegea kama matambara, maji yake mnayamwaga. Halafu mnashushia chai ya rangi."

"Chai nayo imefanya nini?"

"Ukinywa chai pamoja na chakula, mwili haupati vizuri madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu. Ngoja saa moja au zaidi baada ya kula. Chungwa na limau ni kinyume chake. Vinasaidia mwili kuyapata."

Fundi aliyatazama majani kwa jicho la pembeni. "Na hayo mabichi? Kwani mimi mbuzi?"

"Mbuzi hanawi mikono, shemeji. Njoo hapa kwenye maji."

Akanawa kwa sabuni. Jirani akampa spinachi aoshe jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Fundi aligeuza kila jani mbele na nyuma, kama anayesaka mwizi.

"Huyu hapa!" akapaza sauti. Alikuwa amemkamata kiwavi.

"Kumbe kushuku kwako kuna faida," mkewe akasema, na safari hii alicheka.

Walikata boga vipande vidogo kwenye ubao safi, ubao usiokatiwa nyama mbichi. Wakalipaka mafuta na chumvi, wakalioka hadi likalainika na kuwa la kahawia pembeni. Asiye na oveni hulikaanga kwa mafuta kidogo, sufuria ikiwa na kifuniko. Mbegu zake walizikaanga pia. Boga lilipopoa, walichana spinachi kwa mkono, wakachanganya na boga, mbegu zake, maharage, matufaha na machungwa. Mwishoni kabisa wakakamulia limau, ili majani yasinyauke.

Fundi alionja kijiko kimoja, akatafuna huku amekunja uso. Akaongeza cha pili. Kwenye kijiko cha tano mkewe akamwambia, "Basi nibakizie na mimi mgonjwa." Fundi akasukuma bakuli lote upande wa mkewe.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Mboga zilichemshwa kidogo tu. Chai ilisubiri, ingawa Fundi aliinung'unikia kila siku. Vidonge mkewe alivimeza mbele ya mumewe, bila kujificha. Polepole, akaacha kupumzika kwenye ngazi.

Siku ya kupimwa tena ilipofika, Fundi alikuwa na wateja wengi, akashindwa kumsindikiza. Alifanya kazi lakini mawazo hayakuwepo. Mara akamwona mkewe amesimama mlangoni pa karakana, anahema kwa haraka ya kuja.

"Nimekuja kwako kwanza," mkewe akasema. "Damu imepanda. Vidonge nitaendelea navyo kama walivyoniambia, lakini imepanda."

Swali lilimfika Fundi mdomoni: Kweli? Hunifichi kitu? Akamtazama mkewe, akalimeza.

"Nimefurahi," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wateja wote.