Mguu Mzito wa Rufino

Estela alikuwa anageuza mikate kwenye kikaango aliposikia kamera ikilia chumbani: kacha, kacha. Alidhani ni mumewe. Kisha akamwona Anselmo dirishani, yuko uani, anaosha buti.

"Nani kashika kamera yako?"

"Nani aishike? Haina hata betri."

Tangu wamzike Rufino, kaka yake Estela, kamera ile haikuguswa. Wanaume hao wawili walizoea kupanda milima ya Lopinot kupiga picha za nyoka wenye sumu. Rufino alikuwa akimzuia nyoka kwa fimbo yenye kulabu, Anselmo akilala kifudifudi mbele yake, karibu kiasi cha kuona macho yanavyong'aa. Kiangazi cha mwisho walimkuta nyoka aina ya mapepire, mkubwa, jike, amejiviringisha juu ya mayai yake shimoni. Rufino alirudi kabebwa, kaumwa mguuni. Mguu ulivimba, ukawa mweusi, ukaoza akiwa hai, na hospitali hawakumwokoa.

"Aliteleza," Anselmo aliwaambia waombolezaji. "Mimi nilikuwa mbali, nabadilisha lenzi."

Picha ya nyoka yule, karuka, kinywa wazi, ilipata tuzo mjini. Anselmo aliitundika sebuleni. Estela alikuwa akipita pale ameinamisha macho.

Baada ya kamera ikaja harufu. Estela aliijua: ni ile ya wodini alikolazwa Rufino, ya bandeji zikifunguliwa. Alisugua sakafu kwa dawa, akafua mapazia, haikutoka. Kisha mchana mmoja mvua ikinyesha, wakiwa mezani, wakasikia kitu kinapanda ngazi za baraza.

"Unasikia?" Estela alinong'ona.

"Mvua hiyo. Kula."

"Mvua haichechemei, Anselmo."

Hatua moja ilikuwa nyepesi na ya pili nzito, yenye maji, ikiburutwa juu ya mbao kama gunia lililolowa, na ilipita mlangoni bila mlango kufunguka, ikazunguka meza taratibu pamoja na harufu yake, ikasimama nyuma ya kiti cha Anselmo, na pale sakafuni Estela akaona majimaji yanachora unyayo mpana, uliofura mpaka vidole vimemezana.

Anselmo hakugeuka. Alichovya kijiko tena.

Jumapili akaja Mama Ignatia, mwombeaji wa kufukuza mapepo, na kilemba chake cheupe. Alipiga kengele yake ya shaba kila pembe, akanyunyiza maji ya maua. Alipofika sebuleni, Estela akaanguka. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya kiume.

"Shemeji. Bado inaonekana?"

"Nini kinaonekana, mwanangu?" Mama Ignatia aliuliza.

"Fimbo. Kasema inamharibia picha. Kasema, ondoa hiyo fimbo, Rufi, kidogo tu, huyo mama nyoka kachoka. Nikaondoa." Sauti ilivuta pumzi kwa taabu. "Nyoka aliponiuma nikamwita shemeji. Nikasikia kacha, kacha, kacha. Hiyo hapo ukutani ndiyo mimi naumwa, Mama. Mguu wangu kaukata pembeni mwa picha."

"Mwongo," Anselmo alisema. "Mapepo yanasema uongo, Mama, unajua mwenyewe. Mfukuze."

Mama Ignatia aliinua kengele. Mkono wa Estela ukaidaka. Macho yalikuwa yake sasa, mekundu, na yote yaliyosemwa alikuwa ameyasikia.

"Usimpigie kengele kaka yangu," alisema. Akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye utoke."

"Estela, unasikiliza wafu?"

"Ulikuwa mbali, eti. Toka."

Anselmo alingoja kidogo labda mkewe atalainika. Kisha akachukua mfuko wa kamera, akashuka ngazi kwenye manyunyu, akashika barabara ya Arima.

Estela alivuta kiti mezani. Alikuwa analia na kutabasamu. "Kaa, Rufi. Hapa ni kwako. Nakupashia kakao sasa hivi."

Mbao zikalia. Hatua nyepesi, hatua nzito. Zilikuja mpaka kwenye kiti, harufu ikamfunika Estela, naye akaivuta kifuani kama uturi. Lakini hazikusimama. Zilimpita, zikavuka baraza, zikashuka ngazi moja moja, na mguu ule mzito ukaanza kuburutika kwenye tope, kwa haraka zaidi, upande ule alikoelekea Anselmo.

"Rufi," Estela aliita kutoka mlangoni. "Na mimi je?"

Mama Ignatia aliufumbata ulimi wa kengele kwa kiganja, usije ukalia.