Saraka Iliyomjibu Kila Mtu

"Chai imemwagika," redio ilikoroma.

Kimya, jasusi wa idara ya usalama, alikuwa keshaanza kupanda ngazi, mbili mbili, bastola ya Beretta chini ya koti.

"Wapi, Mjomba?" alimuuliza mkuu wake.

"Jikoni kwetu wenyewe. Wauza dawa bandia wanajua muuguzi yuko wapi. Gari lao limetoka. Una dakika ishirini."

Muuguzi huyo ndiye aliyeona watoto wa wodini wakimezeshwa vidonge vya chaki, akasema. Kesho alikuwa atoe ushahidi. Kila siku idara ilimhamisha nyumba, yeye na kichanga chake, na anwani mpya iliandikwa mahali pamoja tu.

Kwenye saraka.

Saraka, kwa asiyejua, ni daftari la watu lililoko mtandaoni. Programu ya milango haimjui mtu, ya barua haimjui, ya simu ndiyo kabisa. Zote hukimbilia saraka kuuliza: huyu nani, anakaa wapi, apite? Badilisha mstari mmoja pale, zote zimebadilika.

Fundi mkuu wa mitambo alikutwa akila kuku juu ya kibodi. Mafuta mpaka viwikoni. Mifupa ndani ya kikombe. Chumba kilinuka soksi na mchuzi uliolala.

"Karibu, dada," akajilamba kidole. "Kuna nini tena?"

"Pisha."

Kiti kilinata. Kimya aliketi nusu tako, akafungua kumbukumbu za saraka.

Kila dakika mbili, swali lile lile: muuguzi anakaa wapi? Muulizaji hakutoa jina wala nywila. Na saraka ilikuwa inamjibu, kwa adabu zote.

"Mlango huu kauacha wazi nani?"

"Ah, huo wa printa tu. Printa haina nywila, inatafuta barua pepe za wafanyakazi. Tuliuacha tangu mwaka juzi."

"Na printa inataka nyumba ya muuguzi ya nini?"

Kuku alimkwama kooni. Macho yake yakakimbilia dirishani. Chini, kwenye maegesho, gari lake jipya jeupe, viti bado vina nailoni.

Kimya aliliona. Akajua nani kalilipia.

"Naufunga sasa hivi!" fundi akaruka.

"Keti! Ukiufunga watabaki na anwani ya mwisho, na wameshakaribia. Programu yao haiamini jibu la zamani, inakuja kuuliza kila mara. Basi iache iulize."

Vidole vyake viliteleza kwenye mafuta ya mtu mwingine. Akafuta nyumba ya muuguzi. Akaandika ghala la magodoro lisilo na watu, barabara ya viwandani, akamwambia Mjomba redioni atume huko vijana walio karibu.

Dakika moja.

Mbili.

Swali likaja. Saraka ikajibu.

"Mjomba?"

"Subiri... Gari lao, Noah nyeusi, imegeuza njia! Nusura imkanyage mtu wa baiskeli. Inaelekea ghalani."

"Vijana wako wapo?"

"Wamejilaza juu ya magodoro, wanasubiri wageni."

Kimya alitazama swali likija tena, saraka ikijibu. Kisha redio ikakoroma tena.

"Tumewatia mkononi. Wanne. Bunduki mbili, na kamba. Muuguzi ananyonyesha, wala hana habari."

Kamba.

Fundi alikuwa anafuta mikono kwenye pazia.

"Mimi niliwapa mstari mmoja tu, dada. Sijamgusa mtu."

Alisema hivyo na mchuzi kidevuni.

Kimya alitoka, mlango ukajifunga nyuma yake, akaingia kwenye saraka kwa simu yake. Akatafuta jina la fundi.

Akafuta mstari mmoja.

Ndani, kadi ya fundi iligonga kisomeo cha mlango. Taa nyekundu. Ikagonga tena. Nyekundu.

"Dada! Mlango haunijui! Dada, hata simu haipigi!"

"Mjomba, kuna mzigo ghorofa ya tatu. Waambie vijana waje na glavu," Kimya alisema redioni.

Alinawa mikono kwa sabuni, mara tatu. Kisha akashuka ngazi, moja moja, bila haraka.

Mlango wa nje ukauliza yeye ni nani.

Ukafunguka.